Kadi Namba 417

Mimi ndiye niandikaye kadi za ghalani,
makumbusho ya Vadodara, chumba kisicho dirisha.
Namba, malighafi, kimo, hali. Mistari minne, basi.
Hiki: shaba ya manjano, sentimita tisa,
mtoto atambaaye, siagi mkononi.
Nikaandika: Krishna. Hali: kizima, kimelika usoni
kwa kushikwashikwa.

Sandukuni mlikuwa na vinguo pia,
joho la hariri lisilojaa kiganja,
kofia, na sweta ya sufu, zafarani iliyopauka,
vifungo viwili, kimoja si mwenziwe.
Nikaandika: Nguo za mwanasesere. Vipande vitatu.

Januari akaja Jasumati, wa ile nyumba ya Mandvi
iliyouzwa hadi bawaba, ndugu walipofikishana mahakamani.
Akaisoma kadi, midomo ikimcheza.
Sikuona hasira. Aliniuliza tu,
"Nani humwamsha?"

Nikamweleza ya ghala: nyuzijoto ishirini na mbili,
mwaka mzima, usiku na mchana, kuna mashine.
"Kumbe hata hajui kama ni baridi."

Kisha, kama asemaye na meza:
"Mwaka ule Dinkar alilala na kifua,
ukungu hauondoki hadi adhuhuri,
na sufu ilikuwa bonge moja. Mama akamfumia Dinkar kwanza.
Huyu akapata masazo.
Kila asubuhi, akimpa maziwa, humwomba radhi.
Na kifungo kile, kitazame vizuri, ni cha shati la baba."

Hakuomba arudishiwe. Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu,
kifungu cha sheria na namba yake;
likanibaki kinywani.

Kanuni haimruhusu mgeni kugusa.
Basi nikavaa glovu, yeye akafumbata mikono nyuma,
nami nikahangaika na tundu la shingo
kama baba wa mara ya kwanza.
"Anza na mkono wa siagi," alisema. "Huo haukunjiki."
Ukapita.

Alipokwenda niliirudia kadi.
Nikafuta mwanasesere. Kwenye Hali nikaanza Ki,
nikasita, kalamu ikaacha doa.
Nikaandika: Amevaa.

Machi, joto likianza, itabidi nimvue.