Chumba Namba Tatu

Muhannad, mpwa wetu, ndiye mwenye kikao.
Katugawa kwa kubofya:
"Wawili wawili, dakika kumi,
jadilini pishi la harusi, kisha nawarudisha."

Skrini ikawa nyeusi, ikazunguka,
nikajikuta chumba namba tatu
na ndani yake, peke yake,
Zuwena.

Mwaka wa sita huu, tangu nyumba ya Ibra iuzwe.
Yeye Sohar, mimi Al Khuwair,
mwendo wa saa mbili kwa gari
ambao hakuna aliyeuenda.

Kiyoyozi changu kinanguruma. Na chake nakisikia.
Nyuma yake rafu, na juu ya rafu buli la mama,
lile aliloapa kwamba limevunjika.

"Umezima sauti," nikamwambia.
Akatikisa kichwa.
Hakuwa ameizima.

Akanyanyua kikombe. Nikanyanyua changu.
Pembeni hesabu ikaanza kushuka: sitini, hamsini na tisa.
Ilipofika nne ndipo akasema, mbiombio,
kama mtu anayezuia mlango kwa mguu:
"Goti lako, bado linakuuma ukipanda ngazi?"

Nikafungua kinywa.
Tukarudishwa.

Nyuso kumi na tisa. Muhannad anauliza,
"Chumba cha tatu, mmeafikiana nini?"

Bado, nikasema.
Turudishe.