Kola za Mabaharia

Kila Machi nashona kola za mabaharia
hapa El Alto, mita elfu nne juu ya usawa wa bahari.
Ndivyo vipimo vinavyosema, juu ya bahari,
utadhani iko uvunguni mwa kitanda
na ukiinama utaiona.

Kola ni ya mraba, buluu, huangukia mgongoni,
mistari mitatu ya utepe mweupe.
Utepe nanunua kwa Saturnina, gulio la Alhamisi.
Hunipunja robo mita kila mwaka
na kila mwaka nanyamaza, maana mumewe
alikuwa mwanamaji.
Mwanamaji wa ziwani. Bolivia yetu
ina jeshi la majini lisilo na bahari,
na asicheke mtu:
wapo wajane wanaopiga pasi shati la marehemu
hadi leo.

Pwani ilitwaliwa vitani, zamani za babu wa babu yangu.
Sisi tukabakiwa na tarehe.
Ikifika ishirini na tatu, shule zote huingia barabarani,
shaba baridi ya tarumbeta yanasa midomo,
na watoto ambao maji yao makubwa ni karo la kufulia
hutangaza kwa sauti moja
kwamba bahari ni haki yetu.

Mwaka ule wa ukame
mabomba yalikuwa kimya siku ya kumi na tisa.
Lori la maji lilikuja usiku wa manane,
au halikuja.
Nilishona huku ndoo zimepanga foleni mlangoni,
wateja wasiolipa.

Akaja Limber wa nyumba ya pili, miaka saba,
kujaribu kola.
"Usinishike shingo," akasema, "sijaoga
tangu Jumatatu ile nyingine."
Nikageuza uso, nikampima kwa macho.
Kisha, nikiwa na pini nne mdomoni, siwezi kujibu,
akauliza:
"Bahari ikirudi, itapitia bomba letu?"

Pini zilikaa mdomoni
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya maandamano, mwalimu mkuu
alikuwa amefika kwenye mawimbi, ukurasa wa tatu,
lori lilipokata kona.
Hakuna aliyetoa amri.
Akina mama waliacha bendera zimeegemea ukuta,
sketi zao za marinda zikafagia lami,
ndoo zikatoka sijui wapi, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto,
na kikosi kizima cha mabaharia wa darasa la pili
kikavunja safu, kikakimbilia mpira wa maji.
Mwalimu mkuu aliendelea kuhutubia.
Mpiga ngoma mmoja alibaki,
kisha naye akaigeuza ngoma, akajaribu kuikinga.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hakumwona Doña Eulogia
amepiga magoti barabarani
na kitambaa, anakamua, anachovya, anakamua,
kijiko kwa kijiko.

Watoto walilowa.
Na kola zangu, Mungu anisamehe, zilichuja:
buluu ikashuka kwenye mashati meupe,
mgongoni, kiunoni, hadi kwenye soksi.
Walisimama kwenye jua kali la nyanda zetu
wanatona bahari.

Jioni walikuja kudai pesa zao.
Saturnina alisema kosa ni langu, si la kitambaa.
Niliwarudishia watatu.
Mama yake Limber alikuja wa mwisho, mikono mitupu.
Shati, alisema, mtoto amekataa livuliwe;
analala nalo, anasema ni ramani.

Mwaka huu nimetafuta kitambaa kingine.
Nilikijaribu kwanza: bakuli moja la maji, usiku kucha.
Asubuhi maji yalikuwa meupe.
Nikayatumia kuchemshia viazi,
nikakaa kuvingoja, kola arobaini na mbili mapajani,
na nikahisi, sijui kwa nini,
kwamba nimewapunja.