Sanduku la Funguo Tatu

Parokia ya Balmurdie ilikuwa na sanduku la chuma,
funguo tatu, watu watatu,
maana huku kwetu hata wacha Mungu
huhesabu vidole baada ya kupeana mikono.

Wa kwanza ulikuwa kwa mchungaji. Wa pili kwangu,
kama ulivyokuwa kwa baba, msaga shayiri.
Wa tatu alizikwa nao Wattie Imlach, mhunzi,
ndani ya koti lake la Jumapili,
na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha.

Miaka kumi na tisa likakaa kimya chini ya mimbari.
Kanisa lilipouzwa
(mume na mke kutoka Glasgow,
wanataka jiko pale palipokuwa na meza ya Bwana)
akaja kijana na msumeno wa umeme,
cheche zikaruka mpaka viti vya nyuma.

Panya hawakukigusa kitabu. Nilisoma nimesimama.

*Grizel Tuach, kwa kufua nguo siku ya Sabato:
kiti cha toba, Jumapili tatu, mbele ya watu.
Faini yake imenunua kamba ya kengele.*
Miaka mingapi basi kijiji kiliitwa kusali
kwa povu la Grizel?

*Mwanamke, mgeni, amekutwa thelujini njia ya Glenfarrow.
Jina hakuna. Kitambaa cha jeneza: bure.*
Halafu mwandishi amelikata neno bure,
ameandika shilingi mbili, amekata tena,
amerudi kwenye bure, kwa wino mwingine.
Nani alimkemea? Na nani alimnyima usingizi?

*Mvua. Ibada haikuwapo. Tulikuwa mimi, mchungaji,
na mbwa wa Durie.*

Chini kabisa, mfuko wa ngozi:
sarafu mbovu, zile walizotumbukiza watu
katika sahani ya maskini huku wakitazama dari.
Vifungo vilivyosagwa. Shaba isiyo na uso wa mfalme.
Kila mwaka wazee wa kanisa walizihesabu,
wakaandika: themanini na tatu, hazinunui kitu.
Hawakuzitupa. Zilishakuwa sadaka.

Mtu wa Edinburgh alitia sahihi kupokea kitabu.
Fomu yake haikuwa na mstari wa sarafu bandia.
Basi nimezichukua mimi. Zimo mfukoni mwa koti,
zinanivuta bega upande mmoja,
na nikiingia dukani kwa Mairi kununua mkate
naangalia kiganja mara mbili,
nisije nikamlipa kwa dhambi ya babu yake.