Tofauti: Moja

Kazi yangu ni kidole gumba.
Saa kumi alfajiri nimeshaketi kibandani, upande wa kisiwani,
mkononi kihesabio cha chuma, ukubwa wa yai la kanga,
na kila kichwa kinachoshuka mteremko kwenda Likoni
nakibonyezea: tik.
Majina siyajui. Shirika halinilipi kwa majina.

Babu yangu Mwagandi hakuhesabu, alisukuma.
Zamani hizo reli nyembamba zilipita mitaani,
kigari cha viti viwili na paa la turubai,
bwana mkubwa juu, babu na mwenziwe nyuma, miguu mitupu,
Ngomeni hadi Kilindini, jua la utosi.
“Penye mteremko,” alisema, “tulidandia kwa nyuma,
tukawa abiria kidogo.”

Mama alishona sare za makondakta wa mabasi.
Kaptura za kaki, na mfuko wa sarafu mishono miwili,
maana kampuni haisamehe shilingi iliyotoboka.
Reli ziling'olewa, mabasi yakaja yakachakaa,
ofisi ikazaa ofisi.
Bango la getini limepakwa rangi mara tatu;
ukikwangua kwa ukucha utasoma jina la jana,
ukikwangua tena, la juzi.

Watu hudhani kivuko huendeshwa na nahodha.
Huendeshwa na maji kupwa na maji kujaa,
na meli ya makontena isiyojua kubisha hodi
(ikipita sote twangoja, hata mjamzito, hata waziri),
na Mkambe wa karakana anayeisikiliza injini
kama mkunga asikilizavyo tumbo,
na Fomu Saba, nakala tatu, kaboni katikati.

Ng'ambo yuko Dzombo na kihesabio chake.
Mimi nahesabu wanaopanda, yeye wanaoshuka.
Jioni hesabu zetu hukutana kama wakwe,
kwa adabu na kwa mashaka.
Kanuni twazijua kwa moyo:
mtoto wa mgongoni si abiria mpaka atembee.
Mbuzi si abiria.
Mkokoteni ni gari, hata ukivutwa na mtu.
Kifungu cha kumi na mbili: maiti si abiria.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku ile.
Mama alifia hospitali alfajiri; kaburi lilichimbwa Waa.
Nilikuwa zamu. Nikaomba ruhusa, nikaambiwa: ngoja wa kukupokea.
Basi jeneza likanikuta kibandani,
binamu zangu wanne chini yake, kanzu zimelowa,
na kwenye mteremko ule watu elfu,
wenye vikapu, wenye magodoro, wenye haraka zao,
wakajigawa pande mbili. Hakuna aliyepuliza kipenga.
Njia ikafunguka katikati, nyeupe ya saruji.

Binamu wa kwanza, tik.
Wa pili, tik.
Wa tatu. Wa nne.
Halafu kidole kikashuka tena,
polepole, kama mtu anayefunga kifungo cha nguo ya mwingine.

Wa kunipokea alipofika nilimwachia kiti,
nikaenda kuweka bega.
Kivuko kilitikisika kikitoka, maji yalikuwa yanajaa.

Siku ya nne, matanga yamekwisha, nikaikuta fomu mezani.
Kisiwani: mia tisa na nne. Likoni: mia tisa na tatu.
Dzombo alikwisha kupiga simu mara mbili:
“Nani kanitumbukia majini?”
*Tofauti: moja. Sababu:*
na mstari mfupi, urefu wa kidole.

Niliandika: *Kidole kiliteleza.*
Bi Mghoi, msimamizi, aliusoma ule mstari
muda mrefu kuliko unavyosomeka.
Alikuwamo kwenye msafara wa Waa, viatu mkononi, topeni.
Akagonga muhuri nakala ya kwanza,
ya pili,
ya tatu.

Kesho yake saa kumi alfajiri nilikuwa kibandani.
Mvua bado.
Wa kwanza alikuwa muuza mahamri, beseni kichwani,
akilaani utelezi.
Tik.