Pumzi ya Salamu

Miaka kumi na moja ilikaa stoo,
nyuma ya mapipa na kitanda kibovu cha mtoto.
Buibui alikwisha kuuunga usukani na ukuta.

Fundi Semhando wa Barabara ya Kumi na Nne
aliipindua matairi juu,
akazungusha pedali, akatega sikio,
akasema: "Mama, hii haijafa. Imenuna tu."
Akatia tyubu mbili, mnyororo, mafuta ya cherehani.
Kengele akaiacha na kutu yake.
Sikubisha. Goti langu nalo lina kutu
na hakuna fundi aliyelifungua.

Siku ya kwanza nilifika kona ya msikiti.
Kona! Nyumba nane kutoka kwangu.
Nikashuka, nikajifanya nakagua breki.
Breki nzima, mwenye breki ndiye mbovu,
moyo unagonga kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Ijumaa ikanyesha, sikutoka.
Nilifurahi, kisha furaha ile nikaionea haya.

Wiki ya tatu, daraja la Mkulumuzi.
Kushuka, lo! kushuka hakuulizi umri.
Mtandio umejaa upepo, machozi yanatoka bila msiba,
miguu nimeiachia,
gurudumu la nyuma linasema tki-tki-tki-tki
kama mdudu aliyekumbuka jina langu la utotoni.
Nikacheka peke yangu, mdomo wazi,
nikameza inzi,
nikacheka tena.

Lakini mteremko ni mkopo wa kikoba:
wakopa ukicheka, marejesho ni kupanda.

Hapo kwenye marejesho ndipo aliponipita Shekiondo,
magunia matatu ya mkaa nyuma, ndala miguuni.
"Shikamoo mama! Umeamkaje?"
Sikuwa na pumzi ya kuitikia.
Nikatikisa kichwa. Akapita.
Kesho yake: "Shikamoo mama! Za nyumbani?"
Kichwa.
Wiki nzima mimi ni kichwa tu,
kama mjusi kafiri juu ya ukuta wa watu.

Soko la Mgandini, kwenye mihogo ya Bi Mwantumu,
nikapewa habari zangu:
muuza mkaa ananiita Mama Maringo.
Mimi! Katika mji huu
ambao salamu ni ndefu kuliko njia.

Basi nikakusudia.
Si kumpita, nani ampite mtu anayesukuma msitu?
Nilitaka neno moja, silabi nne.
Jumatatu nikapata "ma",
zilizobaki zikaanguka barabarani.
Jumatano "mara", akadhani namwambia asubiri.

Nguvu haikubisha hodi. Sikuiona ikiingia.
Niliikuta tu, siku moja, kwenye ngazi za posta:
nimefika juu, na hadithi niliyoianza chini
bado naisimulia.

Alhamisi, ukungu haujaondoka kwenye mkonge.
Namsikia nyuma, mnyororo wake unalia njaa.
"Shikamoo mama!"
"Marahaba!"
Ikatoka nzima. Na pumzi ikabaki.
Ikabaki! Sikujua niifanyie nini, nikaitumia yote:
"Hujambo mwanangu? Watoto je? Mkaa wauzika?
Na mkeo, lile jino limepoa?"
Nusura magunia yamwangushe.
"Kumbe unasema!"
"Nilikuwa naitafuta pumzi, baba.
Ilikuwa stoo."

Tukapanda sambamba, yeye na msitu wake,
mimi na goti langu,
tukaulizana hadi shangazi zake wa Muheza,
hadi mbuzi wa shangazi,
na mlima ukaisha sisi bado tuko kwa mbuzi.

Juu nikapiga kengele.
Kimya. Kutu.
Basi nikailia mimi, kwa kinywa changu, mtu mzima,
mjukuu wa tano yuko njiani:
kringi! kringi!
Shekiondo akanipisha.