Imeinama Kulia

Duka letu lilikuwa bucha kabla hatujalinunua, Idwal,
na zile kulabu za nyama hukuziondoa darini.
Chuma kilichobeba ng'ombe mzima, ulisema,
hakitashindwa na mlima wa Gethin.

Basi tukatundika milima.
Gethin wa posta, akishamaliza barua zake,
aliukabili mlima uleule wenye machimbo ya mawe ya kuezekea,
akauchora, miaka ishirini na mitatu,
mlima mmoja, mawingu mengine.
Hakuwa na pesa ya fremu.
Nami niliyeshika daftari la hesabu niliandika:
Gethin, fremu moja, mwaloni. Amelipa. Mlima.

Mama Prydderch yeye alichora mbwa
wenye macho ya watu tuliowajua.
Yule wa kahawia alikuwa na macho ya mchungaji wetu,
yale ya Jumatatu, mahubiri yakishapoa.
Ukipenda, chongo huita kengeza;
lakini wewe hukupenda tu, ulipima.
Kila mbwa ulimkatia ukingo wa karatasi nene,
vidole vitatu juu, vinne chini,
"ili asizame."

Halafu yule mgeni wa mjini,
koti likichuruzika mvua juu ya sakafu yangu,
aliyeuliza kama tuna kitu cha mchoraji halisi.
Ulimuuzia kioo kitupu.
Bei maradufu.
Ulikifunga kwa karatasi na kamba, ukamfungulia mlango,
na tulicheka mpaka gundi ikaganda kwenye brashi.

Sisemi ulikuwa malaika.
Ulinuna kuanzia Novemba hadi Pasaka.
Barua za benki ulizificha nyuma ya picha ya daraja,
nikaziona mwenyewe nikipangusa vumbi,
na siku nne tulizungumza kupitia paka:
Mwambie bwana wako chai ipo.
Mwambie bibi yako nimeiona.

Februari, hospitali ya Bangor, kitanda cha dirishani.
Ukutani palikuwa na picha ya maua ya kiwandani,
ya aina inayotundikwa ili isitazamwe.
Hukuwa umetamka neno tangu juzi yake.
Ulipofumbua mdomo nilikuinamia.
Nilitaka iwe jina langu, sikatai.
Ukasema: "Imeinama kulia."

Nikainuka, nikainyoosha.
Nilirudi nyuma hatua moja kuihakiki, kama ulivyonifunza.
Nilipogeuka, nesi alikuwa ameshaushika mkono wako.

Nusu ya picha nimezigawa.
Shule imechukua mbwa, posta imechukua milima sita.
Ukuta umebaki na mabaka meupe ya pembe nne,
kama ngozi iliyobanduliwa plasta.
Na juu ya benchi lako kuna fremu ya pande tatu.
Nyuma, kwa penseli yako butu: Nesta, 40 kwa 50.

Mimi sijawahi kuchora hata paka.
Ulitaka kuweka nini humo?
Gethin hajui. Mama Prydderch alinitazama kimya
kwa macho ya mmoja wa mbwa wake.
Gethin amejitolea kuongeza upande wa nne,
msumeno wako anaujua, anasema.
Nimemwambia aache.

Na jambo moja zaidi, usicheke.
Usiku, kabla sijazima taa ya ngazi,
napita kwenye zile zilizobaki, moja moja,
naziinamisha kulia,
kidogo tu, upana wa kucha.
Asubuhi nashuka polepole,
nakohoa kwanza pale kwenye kona,
nisije nikakufumania.