Kikuku

Mwaka wa pili, somo la sikio.
Mwalimu aliweka mezani sikio la plasta,
akalifungua kwa bawaba, akataja:
nyundo, fuawe, kikuku.
Nikacheka. Darasa zima likanigeukia.
Ningewaambiaje kwamba vyote vitatu
viko Langoni, kichochoroni kwa baba,
vimefunikwa vumbi la fedha?

Likizo nimeazima mashine na sanduku lake.
Tukangoja adhana ipite, punda wa jirani anyamaze,
nikamvisha Sonara Shekuwe hedfoni.
"Ukisikia, inua kidole."
Akainua. Akainua. Nikafurahi,
mpaka nilipoona macho yake
yamekodolea kidole changu kwenye kitufe.

Nikampa mgongo.
Kioo cha kabati kikanionyesha mkono wake
umetulia juu ya goti.

Nikatia nukta, nikaziunga.
Mstari ulikwenda sawa, kisha ukaporomoka
kama ngazi za gati maji yakitoka.
Miaka arobaini ya nyundo,
miwili ya mwisho ni karo yangu.

Akaishika karatasi kama ashikavyo fedha ya mteja
akishuku mna shaba ndani.
"Kikuku kimevunjika?"
Hakijavunjika, baba. Vyote vitatu vizima.
Kilichokufa ni vinywele, ndani zaidi, kwenye konokono,
na havioti tena.

Kimya. Nilikuwa nakunja nyaya,
uso wangu sandukuni.

Nikageuka. Nikavuta kigoda, magoti kwa magoti,
nikasema upya, neno moja moja,
kama mtu anayelipa deni
kwa sarafu ndogondogo.